Msusi na Mihuri ya Mpakani

Furaha ilimnyima msusi usingizi. Bintiye wa pekee anaolewa leo ng'ambo ya mpaka, na binti huyo amekula yamini: hakuna mkono ila wa mamaye utakaogusa kichwa chake. Basi kulipopambazuka tu, mama huyo, chanuo na nyuzi mkobani, mbio mpakani.

Sheria ni msumeno, wanasema. Kwao msusi msumeno huo una meno ya kutisha, faini na kifungo, ila umetundikwa ukutani. Kwa jirani sheria ni laini, mgeni hupewa miezi mitatu bure, lakini hairukwi hata nukta. Afisa wa kwao, ambaye mkewe husukwa na mama huyuhuyu, hata pasipoti hakuifungua.

"Pita, mama. Msalimie bi harusi."

Akapita anacheka. Ng'ambo, afisa wa kike akafunua kurasa zote.

"Shikamoo mama. Muhuri wa kutoka kwenu uko wapi?"

"Marahaba, mwanangu. Kwetu tunajuana."

"Hapa hatujuani, mama. Rudi ukagongewe."

Mama wa watu akarudi mbio, viatu mkononi. Mnaona mambo ya kujuana? Afisa wa kwao akaifungua pasipoti, akashika kichwa.

"Mama, mwaka juzi uligongewa kutoka. Kurudi hukugongewa."

"Si wewe uliyeniambia pita tu?"

"Ni mimi. Kwa hiyo kwa maandishi, bado uko ng'ambo."

"Basi niingize upesi, halafu unitoe."

Afisa akapekua droo hii na ile akitafuta muhuri. Msusi akampigia bintiye simu.

"Nimekwama, mwanangu. Muda umekwisha. Mwite mwingine akusuke."

"Sitaki," binti akasema, akakata simu.

Muhuri ukapatikana chini ya gazeti. Afisa akagonga wa kuingia, akagonga wa kutoka, akamkaribisha nyumbani na kumuaga kwa pumzi moja. Msusi akatimua mbio tena. Ng'ambo, yule afisa wa kike akakagua, akagonga, akatabasamu.

"Miezi mitatu, mama. Karibu sana."

Miezi ya nini, naye alihitaji saa mbili tu, na nyumba ya harusi bado iko mbali? Akatoka getini amenywea. Hapo nje, kando ya foleni ya malori, bintiye alikuwa ameketi kwenye kigoda, nywele zimefumuliwa, na gari la harusi limewashwa nyuma yake. Mama akacheka, kisha akalia kweli.

"Inamisha kichwa," akamwambia, akachora mstari wa kwanza kwa chanuo.