Mgema aliyeimba matokeo ya mtihani kutoka juu ya mnazi

Saa kumi na moja alfajiri Bwenaua Tekaai yuko juu ya mnazi, na anaimba kwa sauti ambayo mkewe anasema ingetosha kuita meli iliyopotea. Chini yake kijiji cha Tebwanga kinaamka. Wanaochota maji kisimani hawainui hata macho.

Mkononi ana kisu chembamba cha kugemea. Anakata ncha ya karara, ala ya ua la mnazi, kipande kidogo kama ukucha, anabadilisha chupa, anafunga kamba. Kisha anafungua mfuko wa kitambaa aliojifunga kiunoni, anatoa simu saba za watu saba, na kuzielekeza moja moja kaskazini, ng'ambo ya bahari ya ndani ulipo mnara wa simu. Zinaanza kulia.

"Nei Meere!" anaimba, akimwita mkewe kwa Nei, neno la heshima katika lugha ya Kikiribati. "Dada yako wa Betio anasema meli imeondoka bandarini! Ina mchele, ina unga, haina sukari!"

"Kukosekana sukari si ndiyo furaha yako!" Nei Meere anajibu kutoka jikoni, na nyumba tatu zinacheka. Bwenaua huuza asali ya tembo, yaani tembo la mnazi lililochemshwa hadi likawa zito na tamu, na sukari ikiadimika kisiwani, soko huwa lake.

Furaha ya asubuhi hii ina doa. Leo ni Jumatano. Jumamosi Bwenaua atatakiwa kusimama katika maneaba, ukumbi wa mikutano wa kijiji, na kusema kama anakubali mnazi huu ukatwe. Shule imepata dishi la mtandao, na mahali pekee pakavu ambapo bahari haifiki inapojaa ni kando ya darasa la mwisho. Mnazi wa Bwenaua, mrefu kuliko yote upande wa kusini, umesimama hapo hapo na kulizibia anga. Aliyeomba ukatwe ni binti yake mwenyewe, Tiareti, mwalimu msaidizi wa shule hiyo.

Kuimba si mapenzi yake. Mgema wa visiwa hivi akipanda lazima aimbe, maana kutoka juu unaona kila ua na kila mahali pa kuogea. Anayenyamaza huko juu ana lake jambo.

"Baba alinifundisha kuimba kwanza, kisu akanipa baadaye," anasema Bwenaua, mwenye umri wa miaka hamsini na sita. "Aliniambia, wakikusikia hawatakushuku. Wasipokusikia watakuja na mawe."

Zamani za baba yake, habari zilikuja na meli, na meli ilikuja ilipotaka yenyewe. Redio ya mawasiliano ilikuwa moja tu, katika ofisi ya baraza la kisiwa kaskazini, na wa kusini walipata makombo. Bei ya samaki wa chumvi waliambiwa na mnunuzi yule yule aliyekuja kuwanunua. Mgombea wa ubunge walimwona mara moja, akila, kisha wakasikia tu kwamba ameshinda.

Bwenaua mwenyewe alifaulu mtihani wa kwenda sekondari huko Tarawa, kisiwa cha makao makuu. Barua ilipofika, muhula ulikuwa umekwisha na nafasi yake ameshapewa mwingine.

"Sikulia," anasema. "Nililia. Kwa nini nikudanganye? Nilikwenda upande wa bahari kuu, kule mawimbi yanapopiga kelele, nikalia nikamaliza. Kesho yake baba akanipeleka mnazini."

Mnara ulijengwa kaskazini miaka kumi na moja iliyopita. Watu wa kusini walinunua simu kwa shangwe, wakagundua kwamba huku kwao zinafaa kwa kutazamia saa tu. Jioni moja Bwenaua alipanda amesahau simu kwenye mkunjo wa shuka lake, nayo ikalia kule juu. Nusura aanguke. Alikuwa shemeji yake akiuliza habari za nguruwe.

Wiki iliyofuata mfuko wa kitambaa ulishaanza kazi. Kwa kuwa mgema hupanda asubuhi na jioni bila kukosa, karara lisije likakauka, kijiji kikawa na posta mara mbili kwa siku. Malipo yalikuwa kipande cha tumbaku, samaki, au senti hamsini kwa mwenye nazo. Na kwa kuwa ni lazima aimbe, ujumbe ulioingia aliuimba.

Aliuimba wote, kama ulivyo. Hiyo ndiyo sheria aliyojiwekea. "Nikiruka mstari mmoja, kesho wataniuliza nimeruka mingapi. Hata za mapenzi nimeziimba. Vijana wengine walipata wachumba kwa sababu yangu, wengine waliwakosa."

Biashara yake ilikuwa ya kwanza kuneemeka. Chupa ya asali aliyokuwa akiiuza dola mbili melini, kwa bei ya kupangiwa, ikaanza kumpa dola tano baada ya mama mmoja wa Betio kumwandikia bei ya sokoni. Majirani wenye samaki wa chumvi walisikia bei yao ikiimbwa juu, wakakaa mikono vifuani kumsubiri mnunuzi.

Siasa nayo ikapanda mnazi. Katika uchaguzi wa miaka tisa iliyopita, mgombea mmoja aitwaye Uriam alimwandikia binamu yake wa Tebwanga ujumbe mfupi. Simu ya binamu ilikuwa mfukoni mwa Bwenaua, naye akaanza kuimba kama kawaida: kila nyumba ya upande wa chini ipewe mfuko wa mchele, nyumba za upande wa juu zisijue.

"Nilifika katikati ndipo nikaelewa ninachokiimba," anasema. "Sasa nifanyeje? Ninyamaze juu ya mnazi? Nikamalizia."

Kabla hajagusa ardhi, watu wa upande wa juu walikuwa wameshafika kwa binamu na mabakuli. Mchele wote ulipelekwa maneaba, ukapikwa, ukaliwa na kijiji kizima. Uriam alipokuja siku tatu baadaye na tumbaku ya heshima kwa wazee, Mzee Tebano, msemaji wa maneaba, alimpokea kwa adabu zote: "Karibu, mwanetu. Salamu zako tumekwisha kuzila, zilikuwa zimeiva vizuri." Uriam alishindwa vibaya.

Bwenaua akawa shujaa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na yeye anakiri kwamba sifa zile zilimpanda kichwani. Aliamini hakuna jambo ambalo halifai kuimbwa.

Mwaka uliofuata, jioni, uliingia ujumbe katika simu ya mwalimu mkuu. Yalikuwa matokeo ya mtihani. Watoto kumi na mmoja. Aliimba wa kwanza, amefaulu, akasikia kigelegele. Aliimba wa tatu, amefeli, akasikia kimya. Wa sita, amefeli. Kisha macho yakatangulia mistari, akaliona jina la Tiareti.

"Nilikuwa nimeshaimba watoto wa wenzangu waliofeli. Wa kwangu nimmeze?"

Akaimba. Tiareti, wakati huo ana miaka kumi na mitano, alikuwa kisimani na ndoo. Aliitua ndoo, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa shangazi yake. Alikaa huko miezi minne, na baba yake akipita alimpa kisogo.

Alirudia darasa, akafaulu. Leo anafundisha, na jioni anasomea ualimu kwa njia ya posta na mtandao katika chuo kilicho Fiji. Kazi zake za masomo amezituma kwa kuzipiga picha na kumpa baba yake apande nazo. Upepo ukiwa mkali, picha haziendi. Mara mbili kazi zimechelewa chuoni, akapunguziwa alama. Hajawahi kumlaumu. Wala hakuwahi kutaja jioni ile ya kisimani.

Aliitaja kwa mara ya kwanza kesho yake, Alhamisi, jikoni, mama yake akikuna nazi.

"Baba, ni mnazi mmoja tu."

"Mmoja huo ndio unaotulisha."

"Una mingine kumi."

"Hiyo kumi haiuoni mnara."

"Aa! Basi sema ni simu, usilisingizie tembo!" Tiareti alisema. "Watoto wanasoma kitabu kimoja watu sita. Kwenye dishi kuna vitabu vya dunia nzima. Wangoje upepo utulie kwa ajili yako?"

"Na hilo dishi likija, kila mtu atajifungia na simu yake. Akina Uriam watarudi na michele yao. Nani ataimba safari hiyo?"

"Na atakayefeli atalia ndani kwao, Baba. Hatalia kisimani mbele ya kijiji kizima. Hilo hujaliona?"

Nei Meere aliacha kukuna. Bwenaua alitoka, akaenda kulisha nguruwe ambao walikuwa wameshalishwa.

Jumamosi maneaba ilijaa. Kila ukoo ulikaa mahali pake pa tangu na tangu, wazee mbele, wanawake na watoto nyuma yao. Fundi wa dishi alikuwa ameshaeleza mambo yake, na mzaha ulikuwa umeanza.

"Bwenaua hataki kushuka," alisema mvuvi mmoja. "Amezoea kutuona utosi!"

"Utosi wako una upara, ndugu yangu, nimenyamaza miaka yote," Bwenaua alijibu, na ukumbi ukaangua kicheko. Kisha akasimama, na kicheko kikaisha, kwa sababu sauti ile iliyozoea kupaa ilikuwa chini.

"Wazee, mnazi ule aliuotesha bibi yangu. Naupenda. Na kazi ya mfuko naipenda pia, msidanganyike. Mtu akijua habari zenu zote kabla yenu, anajiona mkubwa." Akageukia nyuma, walikokaa wanawake. "Lakini kuna maneno ya watu na kuna maneno ya mtu. Bei ni ya watu. Kura ni ya watu. Mtoto kufeli ni neno lake mwenyewe, mpaka atakapotaka kusema. Mimi nimeyaimba yote kwa sauti moja. Binti yangu yuko pale nyuma. Miaka minane namwona, sijamwambia. Tiareti, nilikukosea, mwanangu. Na wale wenzako wawili, niliwakosea."

Mmoja wa wale wawili, sasa mama wa mtoto mchanga, alijifunika uso kwa kanga ya mtoto wake.

Bwenaua alitoa mnazi, kwa sharti moja. Mgombea yeyote atakayezungumza na watu wa Tebwanga kwa njia ya dishi, asikike ndani ya maneaba, kwenye kipaza sauti, wote wakisikia. Bei za sokoni nazo zisomwe humo kila asubuhi.

"Limepita," alisema Mzee Tebano baada ya wazee kunong'onezana. "Na huyo mgombea wa dishini, tumbaku yetu alete vile vile. Sijui ataipitisha wapi, atajua mwenyewe."

Jumatatu Bwenaua aliukata mnazi kwa shoka lake, hakutaka msaada. Ulipolala, watoto wa shule waliuvamia kileleni, shaha, ule moyo laini wa mnazi, likatolewa, jeupe, tamu, na kila mtoto akapata kipande. Nei Meere anasema mumewe alikula chake akiwa amegeuka upande, na kila mtu alijifanya haoni.

Sasa dishi limesimama. Darasa la mwisho lina kompyuta tatu, na mchana watoto hupigania kukaa mbele kama wanagombea samaki. Mwezi uliopita wagombea wawili walizungumza kupitia skrini na kipaza sauti cha maneaba. Mmoja aliulizwa swali la boti ya wagonjwa na akina mama waliokuwa hawajawahi kumwuliza mbunge chochote, akatoa jasho ambalo hata kwenye skrini lilionekana.

Bwenaua amepungukiwa na tumbaku ya bure, hilo analisema wazi. Lakini oda za asali zinafika moja kwa moja, na mbili zimetoka Fiji. Ananuia kununua sufuria kubwa ya kuchemshia na kumfundisha kugema kila kijana anayedhani kazi hiyo imepitwa na wakati. Minazi kumi iliyobaki anaipanda kila asubuhi. Bado anaimba, ila nyimbo za wazee tu.

Matokeo ya mwisho ya Tiareti yatatoka chuoni mwezi ujao. Yatafika kwenye simu yake, mkononi mwake.

"Maisha yangu yote mimi ndiye niliyejua wa kwanza," anasema Bwenaua. "Safari hii nataka kungoja kama baba wa mtu. Nitakaa hapo uani, roho ikinidunda, nikijifanya nasuka kamba. Akitaka kuniambia, aje. Asipotaka, nitaendelea kusuka."

Tiareti anaposikia hivyo anatabasamu, anaendelea kusahihisha madaftari ya watoto.

"Nikifaulu, nitamwambia yeye kwanza, sikioni," anasema. "Halafu achague mnazi wowote, apande, aimbe mpaka kaskazini wasikie."

Na akifeli?

Anaweka kalamu chini.

"Nikifeli, nitamwambia yeye kwanza pia."