Damu ya Ng'ombe wa Wifi

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, hakuwa mtu wa kubembelezwa. Alifiwa na mume mapema, akabaki na kijana mmoja wa kiume na ng'ombe mmoja, na sikuwahi kujua yupi alimpenda zaidi. Siku moja nilimtania: unamsugua ng'ombe kwato, visigino vyako vimepasuka! Akanijibu, "Vyangu havitoi maziwa, wifi."

Ng'ombe yule akaacha kushika mimba. Kila akipandishwa mbegu kwa mrija, joto la kutaka dume linarudi. Maziwa yakakauka, na kijana akatangaza kwamba atapandishwa mara moja tu tena, na ikishindikana anaita mchinjaji. Wifi akakonda, akabaki macho matupu.

Alipopandishwa tena, kabla wiki tatu hazijatimia, daktari wa mifugo, mama mmoja mpole, akamtoa damu kwenye mkia. Alitueleza palepale bandani, nami sijasahau. Ndama nusu yake ni ya dume, alisema, kwa hiyo kwa mama ni mgeni. Mwili una walinzi wake, chembe nyeupe za damu, na kazi yao ni kufukuza wageni. Lakini ndama, angali mwembamba kama uzi, hupeleka habari kwa mama, na walinzi wakiipata hubadilika wakampisha akae. Badiliko hilo huonekana kwenye damu kabla mkono haujaweza kupapasa kitu tumboni.

Damu ikapelekwa maabara. Majibu hayajarudi, ng'ombe akaanza kulia na kusimama apandwe na mtamba wa jirani, jike kwa jike, dalili ya kutaka dume. Wifi akashika kichwa.

"Joto limerudi! Niitie mpandishaji, kijana asijue."

"Subiri majibu ya damu," nikamwambia.

"Joto likipita, wifi, nitapandisha majibu?"

Mpandishaji akaja, akaingiza mrija, akaenda zake. Kesho yake daktari akapiga simu, furaha tupu: walinzi wameitikia, mimba ipo! Wifi akaketi chini, juu ya kinyesi. Daktari alipoambiwa yaliyofanyika, akauliza mrija ulifika wapi. Kumbe wapo ng'ombe wenye mimba wanaoonyesha joto, na mrija ukipita mlango wa kizazi, ndama mchanga huweza kuharibika.

"Pengine amepona," akasema. "Nitakuja kuchukua damu nyingine."

Mwanamke yule ambaye hakumwomba mtu chumvi, nilimkuta amekumbatia shingo ya ng'ombe, akimnong'oneza juu ya ndama wake. "Mshike, mama. Usimwachie." Chai niliyompelekea ilinywewa na inzi.

Damu ya pili haikuwa na habari yoyote ya ndama.

Mchinjaji alipokuja, ng'ombe aligoma kupanda gari. Akavutwa, akasukumwa, akakita miguu. Mchinjaji akaokota fimbo. Wifi akamnyang'anya kamba.

"Mama, mwachie mchinjaji," kijana akasema.

"Atampiga."

Akatangulia kwenye ubao wa kupandia gari, akimwita kwa ulimi kama alivyozoea kumwita wakati wa kukamua, na ng'ombe akamfuata.