Kasimiri Aliyemtazama Mkwewe

Mjomba wangu Kasimiri alikuwa mchuja nta, mkazi wa Kwihara, na upole wake ulichosha watu. Ukimuuliza jambo, alitikisa kichwa. Ukimtukana, alitikisa kichwa vilevile. Mkewe, Tekla, alivumilia kichwa hicho mpaka mtoto wao wa pekee alipofariki kwa surua. Kasimiri akasali rozari, akachonga msalaba wa kaburi, akarudi kazini mjini Tabora bila kumwambia mkewe hata neno moja la msiba. Baada ya mavuno Tekla akafungasha, akaenda kwa mama yake, Veneranda, kule Lusu. Hakugombana na mtu, aliondoka tu.

Kwenye ghala la nta palikuwa na karani mgeni, Bwana Hirshi, Myahudi aliyekimbia Ujerumani kabla ya vita vya Hitla. Mjomba alichanganyikiwa tangu siku ya kwanza, maana alidhani Wayahudi waliishia kwenye Injili, na huyu alivaa kaptula na miwani iliyofungwa uzi. Tena Waingereza walimtilia shaka kwa kuwa ni Mjerumani, ilhali Wajerumani wenyewe walimfukuza wakisema si mwenzao. Wakingoja nta ipoe, wawili hao walizungumza.

"Bwana, ninyi kwenu mnasali vipi?" Kasimiri aliuliza siku moja.

Bwana Hirshi akasema kwao kulikuwa na mwanafalsafa mmoja, Myahudi mwenzake, aliyefundisha kwamba mtu ana namna mbili za kuishi na wenzake. Anaweza kumchukua mwenzake kama hili sega, la kupima na kutumia. Au anaweza kumgeukia kwa moyo wote, akasema naye na kumsikiliza.

"Mapenzi hayakai kifuani mwako, Kasimiri," alisema. "Yanakaa kati yako na yule unayemgeukia. Na Mungu husikika hapo hapo."

"Kwa hiyo hayupo kanisani?"

"Sikusema hivyo."

"Mbinguni je?"

"Wala hilo sikulisema. Wewe umemgeukia nani siku hizi?"

Kasimiri akainama kuichungulia nta. Kuanzia hapo kila alipopiga magoti alijiuliza kama anasema na Mungu au anasema na dari. Kama Mungu yuko katikati ya watu, mtu aliyekimbiwa na mkewe amtafute wapi? Msimcheke. Mimi nimeyafikiria maneno hayo tangu nikiwa msichana na bado yananiumiza kichwa.

Alichoambulia ni kwamba lazima amgeukie mtu. Na kwa kuwa aliamini Veneranda ndiye anayemzuilia mke, akaamua mtu huyo ni Veneranda. Akapanda lori la karanga mpaka Nzega, akamalizia safari kwa miguu hadi Lusu.

Sasa, kwetu Wanyamwezi mkwe hatazamwi. Mwanamume akikutana na mama wa mkewe njiani, anaingia vichakani mpaka apite. Akiwa na neno, analituma kwa mtu mwingine, hata kama mkwe yuko nyuma ya ukuta na anasikia kila kitu. Ubatizo haukuliondoa hilo, na mjomba alilijua toka utotoni. Lakini siku hiyo aliingia uani bila hodi, akamkuta Veneranda anapepeta mtama, akachuchumaa mbele yake na kumtazama machoni.

"Shikamoo, mama. Nimekugeukia."

Veneranda alijifunika uso kwa ungo, mtama ukamwagika wote, akakimbilia ndani. Majirani waliochungulia walisema nta imempanda kichwani.

Kasimiri alibaki na kuku waliokuja kula mtama. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka. Alikuwa amefanya kama alivyoelewa, na Mungu hakusikika popote.

Tekla akatoka, akasimama mlangoni. Nyuma yake, ndani gizani, Veneranda alipaza sauti.

"Tekla, mwambie mtu aliyeko uani kwamba mimi nilimlilia yeye kama nilivyomlilia mjukuu wangu. Mwambie na hili, kwamba hapa simzuii mtu."

Tekla hakurudia neno, kwa sababu wote walikuwa wamesikia. Mjomba akazidi kuchanganyikiwa. Mwanamke aliyekataa hata kumwonyesha uso ndiye aliyesema naye kuliko wote waliompa mkono msibani. Hilo Bwana Hirshi hakulifundisha, au alilifundisha na mjomba hakulisikia.

"Tekla," alianza, macho yake kwenye kuku, "kuna Myahudi mmoja pale ghalani, anasema kwamba..."

"Mama umekatazwa kumtazama," Tekla alisema. "Na mimi, nani alikukataza kunitazama?"

Kasimiri akatafuta kwa muda mrefu mtu wa kumsingizia, asimpate. Akainua uso, akamtazama mkewe.

"Modest," alisema.

Ndilo lilikuwa jina la mtoto wao, na alikuwa hajalitamka tangu mazishi.