Okei za Kinyozi

Kinyozi yule, neno okei halimwishi mdomoni. Akikusukuma kisogo kwa vidole viwili, okei ni inama. Akikushikia kioo, okei ni swali. Ukimpigia porojo anaivuta, okeeei, nawe unajua hajakuamini hata chembe. Mikono yake haitulii: anafuta kitana kilichokwisha kufutwa, anapuliza mashine, anachungulia mlangoni. Siku moja jirani yake alikuwa kitini, kichwa kimenyolewa nusu, simu ya kinyozi ilipolia. Mama mzazi wa kinyozi alikuwa amelazwa hospitali, hajitambui tangu wiki iliyopita.

“Okei,” kinyozi alisema kwa sauti ya chini. Kisha, “Okei?” Jirani akageuza shingo kumtazama. Okei ya tatu ilimkwama kooni. Akairudisha simu mfukoni, mashine ikinguruma bure mkononi.

“Kuna nini, fundi?”

“Mama amefumbua macho. Anauliza kama nimekula.”

“Sasa unangoja nini? Nenda!”

“Na hicho kichwa?”

“Kichwa changu hakina haraka, ndugu yangu. Nenda kwa mama.”

Kinyozi akampakatisha jirani mashine, bado inanguruma, akatoka mbio.