Umri wa Loutfia

Watu wa mtaa wa Hombo walimwita Loutfia muuguzi, naye alikwisha acha kuwasahihisha. Kwenye karatasi za serikali hakuwa muuguzi. Alikuwa kibarua: mtu wa kulipwa kwa siku aliyofanya kazi, asiye na likizo wala pensheni, ambaye asubuhi yoyote angeweza kuambiwa arudi nyumbani. Lakini ni yeye aliyechoma sindano na kusafisha vidonda katika kituo kimoja cha afya mjini Mutsamudu, kisiwani Nzuani, tangu akiwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Watoto aliowachoma sindano zao za kwanza sasa walimsalimia njiani wakienda chuoni na juzuu zao.

Njia ya kutoka kwenye ukibarua ilikuwa moja tu, mtihani wa ushindani, ambao visiwani kila mtu aliuita konkuri kama walivyouita Wafaransa. Serikali ikitaka watu wa kudumu, hutangaza nafasi redioni. Mwombaji hupeleka vyeti vyake, huandika mtihani, na akifaulu huitwa mbele ya jopo kuhojiwa. Wanaoongoza ndio huajiriwa, hesabu ya nafasi ikiisha, basi. Tangu mamluki wa Kizungu walipoiangusha serikali ya mapinduzi mwaka 1978 na kumrudisha rais wa zamani, konkuri ya wauguzi wasaidizi ilikuwa haijatangazwa hata mara moja.

Ilipotangazwa, mwishoni mwa mwaka 1980, Loutfia alikuwa jikoni anakuna nazi. Alisimama na kifuu mkononi mpaka mtangazaji alipomaliza. Umri usizidi miaka thelathini siku ya mtihani. Yeye alikuwa anakaribia kuifikisha.

"Nimewahi, mama," alimwambia Batoul, mama yake, aliyekuwa akimlelea wanawe wawili. "Lakini ni kwa wembamba wa uzi."

Mtihani ulikuwa Moroni peke yake, kisiwani Ngazidja. Loutfia alivuka kwa meli ya mizigo, akatapika njia nzima, akafikia Mvouni, kijiji cha mlimani juu ya mji, kwa Nadjati, binti wa mama yake mdogo. Asubuhi ya mtihani waliteremka mjini pamoja mpaka kwenye shule iliyotajwa. Getini palikuwa na lori la jeshi. Mzungu mmoja mwenye bunduki begani alikaa juu ya boneti, anamenya chungwa.

Watahiniwa walisimama juani, kalamu mifukoni. Jua lilipowafika utosini, alitokea ofisa mmoja aliyevaa tai, akasema jengo linahitajiwa na askari, mtihani umeahirishwa, wasikilize redio. Hakuna aliyeuliza mpaka lini. Siku zile, mahali alipokaa Mzungu yule hapakuwa mahali pa kuuliza.

"Twende tukale," Nadjati alimnong'oneza. "Kusimama hakutafungua geti."

Tarehe mpya ilitangazwa kuwa Februari. Kati ya tarehe hizo mbili, mvua zikinyesha, Loutfia alitimiza miaka thelathini na kuipita.

Hata hivyo alivuka tena, na safari hii alianzia kwenye ofisi ya ajira. Karani aliyepokea majalada aliitwa Mmadi, mtu wa Ngazidja, na kwanza alitabasamu kusikia lafudhi yake ya Nzuani. Kisha akafikia cheti cha kuzaliwa, tabasamu likamtoka.

"Dada, umepitisha umri."

"Ni mtihani uleule, bwana. Nilikuja Novemba. Nilisimama pale getini."

"Tangazo linasema siku ya mtihani. Novemba haukufanyika mtihani."

"Haukufanyika kwa sababu ya nani?"

Mmadi alitazama mlangoni kabla ya kujibu. "Hilo usiniulize mimi."

Hakuwa mtu mbaya. Alivuta kitabu cha kanuni, akapekua, akamwonyesha kifungu kwa ncha ya kalamu: aliyekwisha kuitumikia serikali hupunguziwa miaka ya utumishi kwenye umri wake. Loutfia alihisi moyo unarudi mahali pake.

"Nimetumika miaka minane."

"Vizuri. Nipe barua yako ya kwanza ya kuajiriwa."

"Ilikuwa kwenye majalada ya serikali. Yalichomwa."

Mmadi alishusha pumzi. Hapakuwa na haja ya kuelezana. Serikali ya mapinduzi ilikuwa imewafukuza watumishi, wengine kama Loutfia ikawarudisha kwa malipo ya siku, na kuzitia moto karatasi zote za enzi ya ukoloni. Daktari wa Kifaransa aliyeisaini barua ile alikwisha rudi kwao zamani.

"Hata za kwangu zilichomwa," alisema. "Lakini siwezi kuambatanisha majivu."

"Na karatasi za malipo ya siku? Hizo ninazo."

"Hazihesabiki. Kibarua si mtumishi."

Loutfia alitaka kumuuliza basi ni nani aliyekuwa akichoma zile sindano. Mmadi aliinama juu ya meza, akashusha sauti. "Nenda kwa kadhi wa kwenu. Mashahidi wawili wakiapa kwamba ulizaliwa miaka miwili baadaye, unapata hati mpya. Nusu ya waliomo humu," akagonga rundo la majalada, "sasa ni wadogo kuliko wadogo zao."

Siku za kuwasilisha zilikuwa bado hazijaisha. Alirudi Mutsamudu kwa meli ileile. Mjomba wake Mouzaoir alikubali kuwa shahidi kabla Loutfia hajamaliza kusimulia. Batoul aliendelea kuchambua mchele, na Loutfia akadhani hakusikia.

"Nilikuzaa mwaka wa kimbunga," Batoul alisema hatimaye. "Ulikuwa tumboni bado paa lilipoondoka. Dada yako tulimtoa chini ya ukuta, tukamzika, nikakuzaa wewe wiki ileile. Sasa nikamwambie kadhi ulizaliwa mwaka mwingine."

"Mama, ni karatasi tu."

"Najua." Alipepeta ungo, akaupepeta tena. "Ukitaka nitaapa. Wanao wanataka kula."

Kesho yake walikaa watatu kwenye baraza ya kadhi wakingoja kuitwa. Mouzaoir alipiga soga na watu. Batoul alikuwa ametia udhu na kujitanda shiromani, shuka yake ya Ijumaa, na midomo yake ilicheza bila sauti. Loutfia alimtazama kwa pembeni. Mama aliyemjua hakuwahi hata kudanganya bei ya ndizi. Akajua kwamba mwanamke huyu ataingia mle ndani, ataapa, na hatalala tena usingizi wake wa kawaida.

"Mama, twende nyumbani."

"Hatujaitwa bado."

"Twende."

Mouzaoir aliwafuata mpaka barabarani akilalamika kwamba wamempotezea siku na kwamba mtu mwenye dhamiri ya namna hiyo asitafute kazi serikalini. Loutfia alikaza mwendo. Hakujiona mwema wala shujaa. Alikuwa na hasira tu, na hasira yenyewe hakujua amshushie nani: Mzungu wa chungwa, waliochoma karatasi, au aliyeandika thelathini badala ya thelathini na moja.

Matokeo yalipotoka, kituo kilipata muuguzi msaidizi wa kudumu, kijana mpole aitwaye Inzoudine, mwenye heshima na mikono mizuri. Loutfia alitamani angekuwa mvivu, walau apate la kusema. Mwaka uliofuata tangazo jipya lilipandisha umri mpaka thelathini na mitano. Aliacha alichokuwa akifanya, akasikiliza. Likaongeza kwamba sasa kila mwombaji awe na cheti cha sekondari, na yeye shule aliiacha kabla ya hapo. Aliizima redio.

Siku ya Maulidi vibarua hawakulipwa, lakini Loutfia alikuwa akienda kazini kila mwaka, maana wagonjwa hawana sikukuu. Mwaka ule alikaa nyumbani na wanawe. Walikuwa wanakula pilau mfagiaji wa kituo alipopiga hodi.

"Wamejaa, dada. Wanakuulizia."

"Inzoudine yuko zamu?"

"Yuko."

"Basi aendelee."

Mfagiaji alisimama kidogo, akaaga, akaondoka. Batoul alimsogezea bintiye sinia. Loutfia alichukua tonge, akalishika vidoleni, macho yakiwa mlangoni, mpaka likapoa.