Mshale Uliogoma Kupanda

Nilikuwa nimeacha kuruka kwa miaka miwili, nikimuuguza mama kwetu Tarime. Alipopona nilirudi Serengeti kuomba kazi yangu ya kurusha ndege ndogo za watalii. Kampuni ikasema lazima kwanza nipimwe na mkufunzi. Rubani aliyeshika nafasi yangu alikuwa bado yupo, kwa hiyo nikaamini huyo mkufunzi analetwa kuniangusha, ili nikataliwe kihalali.

Nilijiandaa katika chumba nilichopanga kijijini Robanda. Nilisoma vitabu upya, kisha nikawa nakaa kwenye kiti cha plastiki nimefumba macho, mikono ikitafuta swichi hewani. Mwenye nyumba alinichungulia dirishani akauliza kama naumwa.

Mkufunzi alikuwa mzee mpole mno. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akakaa kivulini kunitazama nikikagua ndege. Hakuuliza swali hata moja, na upole ule ulinitisha kuliko ukali. Nilitoa kifuniko cha mrija ulio chini ya bawa, ule unaopokea upepo ili kipimo cha mwendo kifanye kazi. Nikachungulia ndani: safi. Mara kundi la nyumbu likaingia kiwanjani, ikabidi tusubiri mlinzi alifukuze kwa gari. Nikaenda chooni. Niliporudi, mzee alikuwa amesimama karibu na bawa lile.

Kiwanja kilipokuwa wazi tukaingia. Ndege ikashika kasi, lakini mshale wa mwendo ukabaki kwenye sifuri. Nikakata nguvu ya injini, nikakanyaga breki, nikaipeleka ndege pembeni na kuizima.

"Mzee, umeuziba wewe ule mrija?"

Akafungua mkanda wake. "Mimi nilikuwa najiuliza kama uliukagua."

Tukashuka. Mdomo wa mrija ulikuwa na udongo mbichi. Nilikuwa bado natafuta tope kwenye vidole vyake wakati nyigu mweusi, mwembamba, alipotua palepale na donge lake la udongo, akaendelea kujenga mbele yetu.

Mzee akacheka. Mimi sikuweza. Fundi wa kiwanja aliusafisha mrija na kuupima, ndipo tukaruka. Juu ya bwawa la Manchira mzee akapunguza nguvu ya injini bila kuniambia, kana kwamba imezimika. Nikashusha pua, nikachagua shamba lililokwisha kuvunwa, nikalielekea mpaka akanirudishia nguvu. Tulipotua akaniambia nimefaulu.

Nilimuuliza kwa nini asubuhi hakunihoji chochote. Akajibu kwamba aliambiwa mimi ni mjuaji, nina maneno mengi na kazi nimeisahau, hivyo akaamua kwanza aitazame mikono yangu.

"Nani alikwambia?"

"Hilo usiniulize, binti."

Kazi nilirudishiwa. Siku ya kwanza wenzangu walinipokea kwa vicheko na chai, nami nikawa nawatazama usoni, mmoja baada ya mwingine.