Mkia wa Barabara Kuu

Mwezi uliopita mwanangu alinipeleka Garsen kwa gari lake, kwenye msiba wa shemeji yangu, na tulipokaribia Minjila nikamwambia asimamishe gari. Alidhani nimeshikwa na kichefuchefu. Nikateremka, nikasimama kando ya ile lami inayochoma nyayo hata ukiwa na viatu, nikaanza kutafuta kwa macho upande wa mtoni. Niliona vichaka vya mathenge, mbuzi wachache, na tuta jembamba la udongo lililoota majani. Mwanangu akaniuliza natafuta nini.

"Barabara," nikamwambia.

Akaitazama lami, akanitazama mimi, asinibishie. Ana adabu, mtoto yule. Lakini alikuwa na haraka ya kuwahi maziko, kwa hiyo sikumweleza. Nitakueleza wewe.

Miaka ile ya hamsini, kabla ya Uhuru, barabara kuu yenyewe ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na uji wakati wa mvua. Hapo niliposimama ndipo palipochomoka kijibarabara kilichokuja mpaka kijijini kwetu, ukingoni mwa Tana, kikaishia mbele ya ghala la pamba. Hakikwenda kwingine. Ungebandika chungu cha mihogo motoni, ukaenda mpaka barabara kuu ukarudi, ungeikuta imeiva kupita kiasi tu, haijaungua. Kwenye karatasi za serikali sijui kiliitwaje. Sisi tulikiita Mkia.

Mkia ulijengwa kwa migongo ya watu wetu. Amri ilitoka juu, nyapara akaja na filimbi yake, wanaume wakachimba na wanawake wakabeba udongo kwa vikapu. Kwa kuwa bonde letu hufurika, udongo ulirundikwa mpaka ukawa tuta refu lililompita mtoto kimo. Katikati ya njia palikuwa na mkondo wa zamani, mahali ambapo mto ulipita enzi za mababu. Ilisemwa pataachwa mwanya na kuwekwa daraja la magogo. Magogo hayakuja, kazi ilikuwa na haraka, basi pakafukiwa kama pengine.

Na tuliupenda Mkia, usinielewe vibaya. Lori la mwenye duka wa Garsen lilikuja kuchukua mpunga na pamba, likatuletea chumvi, mafuta ya taa na sukari guru. Tulilisikia likinguruma kabla hatujaliona, tukaacha ndege wale mpunga tuliotumwa kuulinda, tukakimbia kunusa ule moshi kana kwamba ni udi. Nyanya, mama yake baba, hakukimbia. Alikuwa mkunga wa kijiji, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyonukia mafuta ya simsim, na alikuwa na msemo wake: "Barabara ni mgeni. Mpe chakula, usimpe kitanda."

Sasa, mtu asiyezaliwa kando ya Tana hajui mafuriko yetu yanavyokuja. Mvua hainyeshi kwetu. Inanyesha huko bara, milimani, siku nyingi kabla. Kwetu mbingu ni buluu, nguo zinakauka kambani, na mto unapanda. Kwanza maji yanabadilika rangi, yanakuwa mekundu kama chai iliyozidi majani. Kisha vyura wananyamaza. Halafu unaona gogo linapita, na baada yake mti mzima na majani yake.

Mwaka ule mama alikuwa mja mzito. Maji yalianza kupanda siku ambayo uchungu ulimshika, na mpaka kulipokucha alikuwa hajajifungua. Mimi nilikuwa nimelala kwa shangazi, nikarudi alfajiri nikamkuta nyanya amekaa kizingitini, akinawa mikono taratibu mno. Baba alikuwa amesimama mbele yake.

"Mtoto amekingama," nyanya akamwambia. "Nimejaribu kumgeuza, hageuki. Hii si kazi ya mikono yangu tena. Katafute lori, aende hospitali."

Baba akafunga shuka kiunoni, akashika njia ya Mkia mbio. Mtumbwi ndio uliokuwa gari letu la kila siku, lakini nani angeushusha mtumbwi katika mto unaobeba miti?

Tukangoja. Ndani mama alikuwa akiguna, si kupiga kelele, na mguno ule ulinitisha kuliko kelele. Nje maji yalikuwa yameshavuka ukingo na kuingia mashambani. Hilo halikuwa jambo geni, kila mwaka kabla ya Mkia yaliingia, yakapita kwenye ule mkondo wa zamani, yakaenda zake kwenye mbuga upande wa pili. Lakini mwaka ule, mafuriko ya kwanza tangu tuta lijengwe, yalifika kwenye Mkia yakasimama. Tuta letu wenyewe liliyazuia. Upande wa pili nyasi zilikuwa kavu, ng'ombe wangeweza kulala. Upande wetu maji yalikuwa yakirudi nyuma, kuelekea nyumba zetu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya jirani yetu, mkulima wa mpunga, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Aliijenga mahali pa chini kwa sababu ya udongo mzuri. Jua lilipokuwa limepanda kidogo maji yalikuwa yamefika mlangoni kwake, na mkewe alikuwa akipitisha kuku na watoto dirishani. Tukamwona jirani akija na jembe begani, wanaume wengine nyuma yake, kila mmoja na jembe lake.

"Tunakwenda kuikata barabara," alisema, bila kumsalimia nyanya. Hiyo peke yake ilitosha kukuonyesha hali.

Nyanya akainuka, akasimama katikati ya njia.

"Mkeo nani alimzalisha?"

"Bibi, hayo si ya leo."

"Ni ya leo. Mke wa mwanangu yumo ndani na mtoto amekingama. Lori linakuja kwa njia hiyo hiyo. Mkiikata, maji yatakayopita pale hayavukwi na mtu wala mtumbwi."

"Litakuja lini?"

"Mwanangu amekwenda kulileta."

"Na kama halipo? Kama limekwenda Malindi?" Sauti yake ilipanda. "Mbegu yangu imo ndani ya nyumba, bibi. Mbegu ya mwaka mzima!"

Nyuma yake mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu mmoja hawezi kuzamisha kijiji. Niliwatazama wale watu. Niliwajua wote, walinipa ndizi, walinifukuza kwenye miwa yao. Siku ile sikuwajua. Mkewe jirani alikuwa akipiga kelele kutoka kule chini: "Kata! Unangoja nini? Kata!"

Jirani hakukata, wala hakurudi nyumbani. Alikwenda na wenzake mpaka pale kwenye mkondo uliofukiwa, wakasimama juu ya tuta na majembe yao, wakitazama upande wa barabara kuu. Kutoka mlangoni kwetu niliwaona wadogo kama viguzo vya ua. Nilikuwa natazama huko, kisha natazama maji, kisha nasikiliza ndani.

Kisha nyumba ya jirani ikaanguka. Haikuanguka kwa kishindo, ni nyumba ya udongo. Ilikaa chini kama mtu aliyechoka, makuti yakaelea. Mkewe hakulia. Alikaa na watoto wake juu ya kichuguu, akatazama.

Nyanya aliiona. Akaingia ndani, akatoka, akaniambia, "Mwite shangazi yako. Hatungoji tena. Na wewe usibaki, njoo nyuma yangu."

Walimlaza mama juu ya kitanda cha kamba, wakamfunga kwa kanga asianguke. Wanaume waliobaki kijijini walikuwa wazee na wagonjwa. Nyanya akatuma mtoto wa shangazi akimbie kwenye tuta awaambie watu wa majembe: nyumba imeanguka, na kitanda kinahitaji mabega.

Sikujua kama watakuja. Nyanya naye hakujua, nilimwona akisogeza midomo katika dua. Wa kwanza kufika alikuwa jirani. Alilitupa jembe lake, akashika mguu wa kitanda upande wa kichwa, akamtazama nyanya mara moja tu.

"Twende," akasema.

Tukapanda Mkia. Maji kulia, yamejaa karibu na ukingo wa tuta, yakinuka majani yaliyooza, kushoto pakavu. Chini ya miguu udongo ulikuwa umelainika, ukibonyea kama mkate. Tulipofika penye mkondo wa zamani nikaona vijito vyembamba vikipenya na kutoka upande wa pili, na wote waliharakisha mwendo.

Mbele ya hapo kukawa na ng'ombe. Njia nzima, kutoka ukingo hadi ukingo, pembe na migongo. Mfugaji Muorma, ambaye kiangazi chote alikuwa akimletea nyanya maziwa na kuchukua dawa ya macho ya watoto wake, alikuwa amewapandisha juu ya tuta kuyakimbia maji. Alituona, akainua fimbo.

"Nani?"

"Mke wa mwanangu," nyanya akajibu. "Mtoto amekataa kutoka."

"Gari iko huko mbele," Muorma akasema. "Mume wake iko nayo. Dereva anaogopa barabara laini, na ng'ombe yangu imefunga njia."

Upande mkavu tuta lilikuwa limemomonyoka, limekuwa ukuta, na ng'ombe wangevunjika miguu. Upande wa maji ndiko kulikokuwa na mteremko. Aliyatazama maji. Sote tulijua mamba wanafuata mafuriko. Kisha akapiga mluzi mrefu, akamwita ng'ombe kiongozi kwa jina lake, akaingia yeye mwenyewe kwanza, maji yakamfika kifuani, akizidi kuita. Ng'ombe wakamfuata mmoja mmoja, wakilia, macho meupe. Mpaka leo nikisikia ng'ombe akilia majini mwili wangu unasisimka. Ndama mmoja alichukuliwa na mkondo mbele ya macho yangu. Muorma alimwona pia. Hakuacha kuita.

Tukapita. Tulimwona baba akija mbio, na nyuma yake lile lori. Dereva, kijana wa Kiswahili kutoka Lamu, akatoa kichwa dirishani. "Siwezi kugeuza hapa," akasema, "nitarudi kinyumenyume." Wakampandisha mama na kitanda chake juu ya magunia. Baba akapanda, nyanya akapanda. Mimi nilitaka kupanda, jirani akanishika mkono.

"Wewe utakaa na sisi," akasema.

Nilimwuma mkono. Hakuniachia. Alinishikilia mpaka lori lilipokuwa dogo, likiyumba kinyumenyume kama mlevi, likafika barabara kuu likageuka. Hapo ndipo aliponiachia, akarudi kulichukua jembe.

Yeye na wenzake hawakupiga majembe sana. Maji yenyewe yalimalizia kazi. Tuta lilipasuka kwa mngurumo nilioufikiria ni lori limerudi, na maji mekundu yakaruka upande wa pili kama mnyama aliyefunguliwa. Kufikia alasiri nyumba zetu zilikuwa zimesimama kwenye matope.

Mama alirudi maji yalipopungua, kwa mtumbwi, amekonda, na mtoto wa kiume mgongoni. Hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda kwa jirani, aliyekuwa akiishi na familia yake chini ya kibanda cha makuti ya mkoma. Akamfungua mtoto, akampa. Mtu yule mrefu alimwinua mpaka usoni pake, akamtazama kwa muda.

"Basi wewe ndiye uliyenibomolea nyumba," akamwambia, akacheka, na sote tukacheka, kicheko cha watu waliokuwa hawajacheka siku nyingi. Mkewe hakucheka. Hakutusalimia mpaka mvua za mwaka uliofuata, na nyanya alituonya tusimlaumu. Baba na wengine walimjengea jirani nyumba nyingine, pa juu, na kila nyumba ikatoa kibaba cha mbegu. Muorma aliendelea kuleta maziwa. Habari ya ndama hakuitaja, na siku baba alipoitaja yeye aliuliza habari za pamba.

Mkia haukuzibwa pale ulipokatika. Tulisikia kwamba watu watakuja kuutengeneza, kisha kwamba hakuna haja, kwa kuwa pamba yetu ilikuwa kidogo. Lori likawa linasimama barabara kuu na sisi tukibeba mizigo kichwani. Ukaota majani. Baadaye mto wenyewe ulihama, kijiji kikaufuata, na ghala likaliwa na mchwa. Nyanya amekufa, mama na baba wamekufa, na ndugu yangu aliyezaliwa siku ile ana mvi kunishinda. Harufu ile ya moshi wa lori iliyochanganyika na mpunga mbichi sijaipata tena popote.

Nilipokuwa mwari, siku moja tukitwanga mpunga uani kwa jirani, nilimwuliza kwa nini hakukata. Nilitegemea aniambie habari za utu, au za Mungu.

"Nilitaka kukata," akasema. "Wote tulitaka. Lakini mimi nilikuwa namngoja mwenzangu apige jembe la kwanza, naye alikuwa ananingoja mimi. Tukangojana vile mpaka tukaitwa kubeba kitanda."

Nimeishi miaka mingi katika bonde lile. Nimeona wakulima na wafugaji waliokunywa maziwa ya kibuyu kimoja wakichomeana nyumba. Na kila mara nawakumbuka wale watu juu ya tuta, majembe mikononi, wanangojana. Siku hizi, rafiki yangu, mtu wa kuanza hakosekani.